Intaneti ya Lubumbashi ipitie pwani ipi: Afrika Kusini, Dar es Salaam au Muanda?

Muuzaji wa intaneti akiingia bironi kwako, iwe Golf, Kampemba au kule Kasumbalesa kwa mawakala wa forodha, karatasi yake hubeba mambo mawili makubwa: megabiti ngapi, na dola ngapi kwa mwezi. Jambo la tatu halimo, nalo ndilo litakaloamua kama mwaka ujao utafanya kazi au utakaa unaitazama skrini. Hiyo laini inafikia bahari wapi?

Mji wetu uko katikati ya bara, lakini bahari inatuhusu kila saa. Barua pepe ya mfanyabiashara wa Dubai, picha ya eksirei inayotumwa kwa daktari bingwa Johannesburg, somo la video la mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu chetu: kisichohifadhiwa hapa mjini husafiri kwa nyuzi za faiba, na sehemu kubwa yake huishia ufukweni, kwenye kituo ambako kebo ya baharini inapanda nchi kavu. Kwa Lubumbashi kuna pande tatu za kufika huko: kusini hadi Afrika Kusini, mashariki hadi Dar es Salaam, na magharibi hadi Muanda, pwani yetu wenyewe. Njia ya nne haishuki pwani moja kwa moja, inapanda angani. Ninazilinganisha hapa kwa ajili ya mtu wa Lubumbashi mwenye ofisi, kliniki, shule au duka. Wandugu wa Goma na Bukavu hesabu yao ni nyingine, maana njia yao ya karibu hupita Rwanda au Uganda kuelekea Mombasa na Dar es Salaam.

Kabla ya yote, umbali. Mwanga ndani ya uzi wa kioo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Hivyo kila kilomita 1,000 za njia zinakula milisekunde 10 za kwenda na kurudi, hata mitambo yote ikiwa mipya kabisa. Hapo hakuna muuzaji wa kukupunguzia. Ila umbali wa kupima si ule wa kutoka kwako hadi ufukweni peke yake. Pima hadi pale kilipo kitu unachokitumia. Pwani ya karibu yenye ghala tupu nyuma yake inaweza kukuchelewesha kuliko pwani ya mbali ambako kila kitu kimeshawekwa.

Kusini: njia iliyojaa

Njia hii inavuka mpaka, inashuka Zambia, mara nyingi inapita Zimbabwe, na kuingia Johannesburg. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 2,000. Johannesburg haina bahari, na hapo ndipo utamu wake ulipo: kwa mambo mengi huhitaji kufika baharini kabisa. Microsoft ilifungua vituo vyake vya data Johannesburg na Cape Town mwaka 2019. Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua vyake Johannesburg mwaka 2024. Kuna pia NAPAfrica, mahali ambapo mitandao mingi inakutana na kubadilishana data papo hapo bila kuzunguka Ulaya. Kwa hiyo kampuni ya Lubumbashi inayoweka hesabu zake au barua pepe zake kwenye mashine za Microsoft zilizoko Johannesburg inaweza kufanya kazi vizuri hata siku kebo za baharini zimekatika. Watu wengi hawalijui hilo, na mimi ningelipa fedha zaidi kwa ajili yake.

Unapohitaji bahari, Afrika Kusini ina bahari mbili. Upande wa Bahari ya Hindi kuna Mtunzini, katika jimbo la KwaZulu-Natal, ambako kebo za Seacom na EASSy zinafika. Upande wa Atlantiki kuna Yzerfontein, mwisho wa kusini wa kebo ya WACS, na Melkbosstrand, inakotua SAT-3 na ile ya Google inayoitwa Equiano inayotoka Ureno. Tarehe 14 Machi 2024, kebo nne za Afrika Magharibi zilipokatika karibu na Abidjan kwa pamoja, yaani WACS, MainOne, ACE na SAT-3, nchi kadhaa za ukanda ule zilizimika au zikatambaa. Afrika Kusini iliguswa, lakini ilikuwa na Equiano ya kuegemea, na pwani yake ya mashariki pia.

Ubaya wake ni nchi kavu. Kutoka hapa hadi Johannesburg laini inapitia mikono mingi: kampuni ya Kongo, ya Zambia, pengine ya Zimbabwe, kisha ya Afrika Kusini. Faiba ikikatwa na tingatinga linalochimba mfereji kandokando ya barabara, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole. Njiani kuna mitambo ya kuimarisha mwanga inayohitaji umeme, na sisi wa Lubumbashi hatuhitaji kufundishwa maana ya umeme kukosekana. Muulize muuzaji: kati ya hapa na Johannesburg, laini inabadilisha wenyewe mara ngapi? Akijua jibu bila kupiga simu, tayari ni dalili njema.

Mashariki: mlango wa Dubai na India

Dar es Salaam iko takriban kilomita 2,000 kwa barabara, ile ile ya malori ya shaba: Kasumbalesa, Ndola, Kapiri Mposhi, Tunduma, Mbeya. Kutoka Kapiri Mposhi reli ya TAZARA nayo inaifuata kwa kilomita 1,860. Faiba hupenda kufuata kilichokwishajengwa, yaani barabara, reli au nguzo za umeme, na Tanzania ina mkongo wake wa taifa, yaani mtandao mkuu wa faiba, unaofika hadi mpaka wa Zambia. Ardhini njia hii imekomaa.

Baharini, Dar es Salaam ina Seacom tangu 2009, EASSy tangu 2010, na kebo ya SEAS inayokwenda Shelisheli. Iko pia kwenye orodha ya vituo vya 2Africa, kebo ya kilomita 45,000 inayolizunguka bara zima. Ukilinganisha na Mombasa, Dar ina milango michache: Mombasa inazo Seacom na EASSy hizo hizo, na juu yake TEAMS inayokwenda moja kwa moja Fujairah kule Falme za Kiarabu, LION2, DARE1 na PEACE. Ndiyo sababu kampuni nzuri inayokuuzia njia ya Dar inapaswa kukuonyesha kwamba kutoka Dar inaweza pia kupanda kwa nchi kavu hadi Mombasa. Asipoweza, amekuuzia nusu ya mashariki.

Nasema hivyo kwa sababu ya mwaka 2024. Mwezi wa pili kebo tatu zilikatika katika Bahari ya Shamu, mojawapo ikiwa ni ya Seacom. Ilikuwa baada ya meli ya Rubymar kushambuliwa na Wahouthi, ikawa inaelea huku nanga yake ikiburuta chini ya bahari. Njia ya kaskazini ikapungua. Kisha tarehe 12 Mei, EASSy na Seacom zikakatika kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Pwani ya Afrika Mashariki ikabanwa pande zote mbili. Tanzania iliumia sana siku zile. Kenya iliumia pia, lakini ilikuwa na njia nyingine ya kutokea. Matengenezo ya bahari hayafanywi na fundi wa mtaani: meli ya kebo, kama Léon Thévenin yenye makao Cape Town, inapakia vipuri, inasafiri, inanasa ncha mbili kutoka chini, inaziunga, na ikiwa kuna kazi nyingine mbele yako unasubiri foleni. Hesabu kwa wiki.

Pamoja na hayo, kuna watu wa Lubumbashi ambao mashariki ndiyo chaguo lao la kwanza, nao ni wafanyabiashara. Bidhaa zako zikitoka Dubai au Guangzhou, daktari wako wa ushauri yuko India, na mizigo yako inashuka bandari ya Dar es Salaam, basi data yako na makontena yako vina safari moja. Kupita kusini au Ulaya ili kuzungumza na Dubai ni kuzunguka bure.

Magharibi: pwani yetu

Muanda ina uzito wa pekee moyoni, na sioni haya kusema hivyo. Nchi yetu kubwa yote hii ina ukanda wa bahari wa takriban kilomita 40 tu, kule kwenye mdomo wa mto Kongo, na hapo ndipo WACS inapotua. WACS ina urefu wa takriban kilomita 14,530, kutoka Yzerfontein hadi Uingereza. Ilianza kazi mwaka 2012, na Kongo ikaunganishwa rasmi mwaka 2013. Kabla ya hapo hatukuwa na mlango wetu wenyewe baharini. Tuliishi kwa satelaiti na kwa hisani ya majirani.

Lakini kutoka Lubumbashi, Muanda ni mbali kuliko Dar es Salaam. Kwa barabara ya taifa namba 1 unapita Mbuji-Mayi, Kananga, Tshikapa, Kikwit, unafika Kinshasa baada ya zaidi ya kilomita 2,000, kisha unaongeza karibu 600 kupitia Matadi na Boma. Ni kilomita nyingi ndani ya nchi moja, na mvua ya Kasai inajulikana kwa mmomonyoko unaomeza barabara na nyumba, sembuse faiba iliyofukiwa pembeni. Kampuni ya Liquid imejenga njia inayoivuka nchi kutoka mashariki hadi magharibi, kwa hiyo si ndoto tena. Ila kukatika ardhini kuwe ndani ya hesabu zako tangu mwanzo.

Kisha kuna korongo. Hili nalikalia kidogo kwa sababu wauzaji hawalitaji kamwe. Mto Kongo haukomei ufukweni. Mdomoni mwake kunaanza korongo la chini ya bahari, na kichwa cha korongo hilo kiko ndani ya mlango wa mto wenyewe. Mchanga na matope ya mto hujilundika humo, siku moja yakaporomoka. Januari 2020, baada ya mafuriko makubwa ya mwishoni mwa 2019, maporomoko ya namna hiyo yalitembea zaidi ya kilomita 1,100 chini ya bahari, yakichukua takriban siku mbili, na yakakata SAT-3 na WACS. Yalikuwa yakiongeza kasi kadiri yalivyokwenda, hadi mita 8 kwa sekunde. Tarehe 6 Agosti 2023 maporomoko mengine katika korongo hilo yakazikata tena SAT-3 na WACS, na zikangoja hadi Septemba kuungwa. Kwa maneno mengine, mto wetu ndio unaoikata kebo yetu. Hakuna mkataba unaoweza kuuzuia mto.

Kwa muda mrefu Muanda ilikuwa na kebo moja tu, na mahali penye kebo moja pasihesabiwe kuwa njia kuu ya mtu yeyote asiyeweza kuvumilia wiki kadhaa za giza. 2Africa, ambayo imeiweka Muanda kwenye orodha yake, inabadilisha picha hiyo. Hata hivyo, kuwa na kebo ufukweni hakumaanishi kwamba muuzaji wako amenunua nafasi ndani yake. Muulize kwa jina: WACS, 2Africa, au zote mbili?

Magharibi inashinda waziwazi katika jambo moja: kazi inayokwenda Kinshasa. Benki yako makao makuu yapo kule, wizara ziko kule. Ukiwa na mtoa huduma anayepeleka kila kitu kusini bila kubadilishana data na wenzake hapa nchini, ujumbe wako wa Kinshasa unaweza kuzunguka Johannesburg na London kabla ya kurudi Gombe. Hapa pwani haina kosa. Dawa yake ni vituo vya kubadilishana data, LUBIX hapa mjini na KINIX kule Kinshasa. Mtoa huduma asiyeunganishwa LUBIX mimi ningemwondoa kwenye orodha kabla hata ya kufungua bei zake.

Angani

Kwa satelaiti nitapita haraka. Zile za zamani, zilizo juu kilomita 35,786, zinakuchelewesha zaidi ya nusu sekunde kwa kila kwenda na kurudi. Mazungumzo ya video yanakuwa ya kukatana kauli. Starlink iko chini sana, kwenye kilomita 550 hivi, na tofauti yake inaonekana mara moja. Ilipewa kibali hapa Kongo mwezi wa tano 2025, baada ya kukatazwa mwaka mmoja kabla. Haitegemei tingatinga wala korongo. Kwa shamba la nje ya mji, kwa machimbo yaliyo mbali na barabara, au kama njia ya akiba juu ya paa la kliniki, inafaa. Kumbuka tu kwamba kasi yake inagawanywa na majirani wanaoitumia, kwamba mvua nzito za kuanzia Novemba hadi Machi huigusa, na kwamba ishara ikishatua kwenye kituo cha ardhini, safari iliyobaki ni ya faiba na kebo zile zile.

Mtego wa Kasumbalesa

Sasa nakuja kwenye jambo ninalotaka kila mwenye biro hapa Lubumbashi alifahamu. Watu wenye uwezo hununua laini mbili, kutoka kampuni mbili, moja ya kusini na nyingine ya mashariki. Wanalala usingizi: bahari mbili, bendera mbili, ankara mbili. Lakini itazame ramani. Kusini na mashariki zote zinatoka Lubumbashi kwa barabara moja, zinavuka mpaka mmoja, na zinaweza kukaa kwenye mtaro mmoja hadi ndani ya Zambia, pengine hadi Kapiri Mposhi, ndipo zinapoachana. Mchimbaji mmoja wa mitaro, jioni moja, anazikata zote kwa pigo moja. Ulikuwa unalipa mara mbili kwa njia moja.

Kwa hiyo usiulize pwani tu, uliza na mpaka. Kuna Kasumbalesa, ndiyo, lakini kuna pia Kipushi, Mokambo na Sakania. Kama laini ya kwanza inavuka Kasumbalesa, ya pili ivuke kwingine au ielekee Kolwezi na magharibi. Ramani ya njia iwekwe kwenye mkataba, ikiwa na jina la mpaka, na sentensi inayosema kampuni haitahamisha laini yako bila kukuarifu kwa maandishi. Nimeona kampuni zikikubali sentensi hiyo bila ubishi pale mteja anapoidai. Asiyedai hapewi.

Unaweza pia kujihakikishia mwenyewe. Kwenye kompyuta ya Windows andika tracert, ikifuatiwa na anwani ya tovuti unayoitumia kila siku. Mashine zilizo njiani zitajitaja moja moja, na nyingi zina vifupisho vya miji ndani ya majina yao: jnb ni Johannesburg, cpt Cape Town, dar Dar es Salaam, mba Mombasa, mrs Marseille, lon London. Ukiona umeuziwa mashariki huku majina yanasema jnb kisha lon, una swali halali la kumpigia muuzaji. Na ukiona milisekunde zinaruka ghafla kwa mia moja au zaidi kati ya hatua mbili, mara nyingi hapo ndipo ulipovuka bahari.

Ningechagua nini

Kwa ofisi ya kawaida yenye kazi zake kwenye mashine za Microsoft, Google au Amazon, ningechukua kusini kuwa njia kuu bila kusita, mradi nithibitishiwe kwamba data hiyo imewekwa Afrika Kusini na si Ulaya. Akiba yake isiwe mashariki kwa kupitia mtaro ule ule. Ningeweka magharibi ikiwa bei inabebeka, na isipobebeka, Starlink.

Mfanyabiashara wa Dubai na China achukue mashariki, ahakikishe kuna mkono wa kufika Mombasa, na akiba iwe ya angani. Hahitaji megabiti nyingi. Anahitaji isikatike siku kontena linaposhuka bandarini.

Wakala wa forodha wa Kasumbalesa ana kazi ndogo kwa uzito wa data lakini kubwa kwa uchungu: tamko moja lisipopita kwenye Sydonia, mfumo wa kompyuta wa forodha, lori linalala mpakani na gharama zinapanda. Kwake yeye magharibi na LUBIX zina thamani kuliko kasi ya YouTube. Laini nyembamba ya ndani ya nchi, pamoja na simu yenye SIM za mitandao miwili, itamtumikia vizuri kuliko megabiti 50 za kusini.

Shule na nyumba zisijisumbue kuchagua pwani. Video nyingi maarufu huhifadhiwa karibu na mtumiaji na mitandao mikubwa, basi chagua mtoa huduma aliyeko LUBIX na mwenye fundi anayekuja mtaani kwenu, Katuba au Ruashi, siku hiyo hiyo.

Kliniki ndiyo inayonihangaisha zaidi, kwa sababu wanaoumia laini ikikatika hawakuichagua wao. Kusini kwa njia kuu, angani kwa akiba, na betri za kuubeba mtambo wa mtandao kwa saa kadhaa umeme wa SNEL ukiondoka. Na kabla ya kutia sahihi, mwite muuzaji siku ya kazi, saa nne asubuhi wagonjwa wakiwa kwenye foleni, umwambie achomoe waya wa laini kuu mbele yako. Tazama saa. Ikiwa akiba imeshika ndani ya dakika moja na picha ya eksirei imeendelea kupanda bila mtu kugusa kitu, lipa. Ikiwa fundi ameanza kuandika nambari kwenye kompyuta, akiba hiyo bado haijafungwa. Mrudishe akaimalizie kwanza.